Nyati wa Mama Sabrin Anakula Gugumaji

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la udongo lililopakwa saruji, limeegemea ukuta wa mkahawa wa Haji Desuki na kuutazama mfereji. Huku benchi, kule maji, katikati njia ya vumbi inayomtosha punda mmoja na heshima kidogo. Mimi ni kinyozi. Kiti changu cha kunyolea nimekiweka mwisho wa benchi, upande wa kivuli, kwa hiyo haya ninayosimulia nimeyasikia kwa masikio yangu, na mengine nimeyasema mwenyewe, Mungu anisamehe. Agosti ile jua lilikuwa halina adabu. Bersim, majani mabichi ambayo nyati wetu wa maziwa huyala msimu wote wa baridi, yalikuwa yamekwisha tangu Juni. Chakula cha dukani kilikuwa kimepanda hadi watu wanakitaja kwa kunong'ona. Na mfereji ulikuwa umefunikwa na gugumaji ukingo kwa ukingo, maua yake ya zambarau yakituchekea. Sisi tunaliita waridi la Nili. Ukiona kitu kisumbufu kimepewa jina zuri hivyo, ujue aliyekibatiza hakuwa mkulima.

Jumamosi, baada ya alasiri, Shehata akaja mbio, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Shehata tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

— Jamani! Mke wa Gawad yumo mferejini!

— Kaanguka? akauliza Haji Desuki, buli la kahawa mkononi.

— Kaanguka wapi! Kaingia kwa miguu yake. Maji kiunoni, mundu mkononi, anavuna waridi la Nili kama mtu anavuna mpunga. Punda keshapakiwa hadi masikio hayaonekani.

— La nini sasa?

— Nimemwuliza punda, kaniangalia tu.

Basyuni akaweka kete yake ya dhumna mezani taratibu, kama hakimu. Huyu tunamwita Daktari. Aliwahi kushika funguo za kituo cha mifugo mjini miaka sita, na tangu hapo mnyama haumwi kijijini bila yeye kutoa maoni.

— Anampelekea nyati wake, akasema. Na atamuua.

— Astaghafiru!

— Sayansi iko wazi, Haji. Lile gugu ni maji matupu. Tumbo la nyati lina vyumba vinne. Cha kwanza kikijaa maji, yanahamia cha pili. Cha pili kikijaa, cha tatu. Halafu cha nne. Halafu?

— Halafu? tukauliza sote.

— Halafu vyumba vimekwisha, ndugu zangu.

Tukanyamaza kidogo kwa heshima ya vyumba.

— Mimi naogopa maziwa, akasema Haji Desuki. Ua la zambarau, maziwa ya zambarau. Nani atakunywa chai ya zambarau hapa kwangu?

— Wewe Haji unafikiri karibu, akasema Redio. Fikiri mbali. Gugu hili limetoka wapi? Limeteremka kutoka maziwa makubwa ya huko juu, limepita nchi kadhaa bila pasipoti, limefika kwetu, limekaa. Hiyo ni safari ya mtu mwenye nia! Nyati akilila, na yeye ataanza kutamani safari. Asubuhi moja mtaamka, zizi tupu, nyati yuko baharini anaelekea Ugiriki.

— Huna akili.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Inahusiana nini na nyati?

— Mimi ninayo methali. Maana tafuteni wenyewe.

Ndipo Gawad mwenyewe akatokea. Gawad, Baba Sabrin, ni mtu mpole, ana kishamba cha mpunga nyuma ya msikiti, mikono mikubwa na maneno machache. Siku hiyo alikaa kwenye benchi kama gunia lililotuliwa.

— Kahawa, Haji. Chungu.

Haji akanitazama. Gawad hunywa kahawa ya vijiko vitatu vya sukari. Mtu kama huyo akiomba chungu, nyumbani hakukaliki.

— Baba Sabrin, nikaanza mimi, tunasikia Mama Sabrin anavuna maua.

— Niacheni.

— Tukuachie nani? akasema Redio. Sisi ndio ndugu zako.

Akainama, akayatoa polepole. Nyati wao, Zibda, alikuwa amepungua maziwa kwa njaa. Majani makavu ya mpunga peke yake hayamtoshi, na chakula cha dukani hawakiwezi tena. Gawad alikuwa ameshazungumza na dalali wa mifugo, aje Jumanne amchukue. Mkewe, Fikriya, alipoambiwa hakulia wala hakupiga kelele. Alichukua mundu, akamfungua punda, akaenda mferejini.

— Anasema nimpe mwezi mmoja. Anasema Zibda ndiye anayemsomesha Sabrin uuguzi, na mwaka uliobaki ni mmoja. Nami nasema nyati akifia zizini tutakosa nyati na tutakosa mwanafunzi. Sijui. Labda mimi ndiye mjinga.

Hapo ndipo tulipotakiwa kunyamaza. Kijiwe hakijui kunyamaza.

— Sikiliza, ami, akasema Daktari, akimsogelea. Dalali hanunui nyati. Ananunua tumbo. Akimwona mbavu nje, atakupa bei ya kiatu. Jumatatu mshindilie chochote kilichopo, ajae, ang'ae. Jumanne amkute amevimba kama pasha wa serikali ya zamani.

— Nimshindilie nini, na sina kitu?

— Si hilo waridi la mkeo? Liko bure.

— Wewe si umesema litamuua?

— Litamuua polepole. Dalali ana haraka.

Tukacheka. Gawad peke yake hakucheka. Mimi, kwa kuwa ulimi wangu una makali kuliko wembe wangu, nikaongeza:

— Lakini Mama Sabrin asijue. Ngoja aende tanurini kuoka mkate.

Jumapili ikapita. Jumatatu, jua likianza kuegemea, nilikuwa namnyoa Haji kidevu, povu upande mmoja, tukasikia ukelele kutoka nyumba ya Gawad. Nyumba yenyewe iko papo hapo, jirani na mkahawa, mlango wa bluu. Haukuwa ukelele wa msiba. Ulikuwa ukelele wa kuita watu wenye mikono.

Tukakimbia wote. Haji na povu lake.

Zibda alikuwa amesimama uani, miguu imepanuka, shingo imenyooka mbele, ulimi nje. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umepanda juu hadi usawa wa mgongo, umekaza kama ngozi ya ngoma. Kila pumzi ilitoka na mlio. Mbele yake rundo la gugumaji bichi, linachuruzika maji, limeliwa nusu. Fikriya alikuwa na unga wa mkate hadi kwenye viwiko.

— Hili bichi kampa nani? akauliza.

Gawad akasogea mbele ya rundo, kama wa kulificha.

— Nauliza kampa nani! Langu liko juu ya paa, linanyauka juani. Hili limetoka majini leo hii!

— Mimi, akasema Gawad. Nilitaka ajae. Dalali...

Fikriya akamtazama mara moja tu, kisha akamgeukia Basyuni.

— Wewe si Daktari? Haya. Fanya.

Basyuni akarudi hatua moja nyuma.

— Mama Sabrin... mimi kule nilikuwa na funguo tu.

— Basi shika kamba. Redio, lete mti wa ufagio uuvunje, urefu wa mkono. Haji, mafuta ya kula, chupa nzima, kimbia. Na wewe kinyozi, usisimame kama nguzo, njoo huku nyuma usukume.

Hakuna aliyebisha. Redio kwa mara ya kwanza maishani akaondoka bila neno. Fikriya akamtia Zibda kipande cha ufagio mdomoni kwa upana, kama lijamu, akakifunga kwa kamba nyuma ya pembe, ili nyati akitafune, mate yamtoke, koo lifunguke. Akaunyanyua uso wake kidogo, akamnywesha mafuta kwa chupa, kidogo kidogo, akimwambia maneno ya chini ambayo hatukuyasikia. Kisha akasema:

— Ukingoni. Miguu ya mbele iwe juu.

Tukamsukuma nje, tukavuka njia, tukampandisha tuta la mfereji. Nyati mzima ni mzigo. Kilemba changu kilianguka nikakikanyaga. Gawad alikuwa ubavuni kwake, anamsugua kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu za kubeba magunia.

— Chini kuelekea juu, Fikriya akamwambia. Taratibu. Usimpige, msugue.

— Fikriya, akifa...

— Sugua.

Tukampandisha, tukamshusha, tukampandisha tena. Mara ya nne magoti ya mbele yakamlegea. Alitaka kulala. Akilala na tumbo lile, haamki. Hilo hata sisi wa kahawa tulilijua. Fikriya akaikumbatia shingo kwa mikono miwili, akaipandisha kwa bega lake, mwanamke mwembamba yule, na akapaza sauti mara hiyo moja:

— Zibda! Si leo!

Sikumbuki nani alisukuma nini. Nakumbuka nilikuwa nalia, na mchanga mdomoni. Kisha Zibda akanyoosha shingo, akatikisika mwili mzima, na akapiga mbweu.

Ndugu yangu, mbweu! Ilianza chini kama lori linalopanda mlima, ikaja, ikaja, bata wa mferejini wakaruka. Harufu yake ilimkalisha Daktari chini. Ikafuata ya pili, na ya tatu. Ubavu wa kushoto ukaanza kushuka mbele ya macho yetu.

— Hiyo wameisikia hadi Kairo, akasema Redio. Hapo tukajua mambo yamekaa sawa.

Gawad akakaa kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono yake. Alilia kama watu wazima wanavyolia, bila sauti, mabega tu. Fikriya alifungua kamba ya ule mti, akaufuta mdomo wa nyati kwa upindo wa kanzu yake. Kisha akaja akachuchumaa mbele ya mumewe.

— Kesho dalali akija mwambie mwenye nyati hayupo.

— Nitakuwa nimekwenda wapi?

— Si wewe, Baba Sabrin. Mimi. Zibda nilipewa na baba yangu, akiwa ndama. Umesahau?

— Sijasahau.

— Basi mwambie hivyo.

Na kweli, Jumanne dalali akaja na gari lake, magurudumu yakichungulia maji kwa wembamba wa njia, akakuta Gawad amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa bluu. Tulisikia kutoka benchi. "Mwenye nyati hayupo." "Kwani mwenye nyati nani?" "Mke wangu." Dalali alicheka, akasubiri naye acheke. Gawad hakucheka. Gari likarudi kinyumenyume.

Tangu siku hiyo kila alfajiri Gawad ndiye aliyeingia mferejini. Alivua kanzu, akabaki na suruali yake ndefu ya pamba, akazama hadi kifuani, akamtupia mkewe magugu ukingoni. Wiki ya kwanza Zibda alirudi kusimama vizuri. Wiki ya pili ngozi ikapata mafuta. Wiki ya tatu mama anayenunua maziwa ya kijiji kutengeneza malai, ambaye mwanzoni alikuwa amesema hatagusa maziwa ya gugu, aliondoka mlango wa bluu na ndoo imefunikwa, akitembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba kilichojaa. Maziwa yalikuwa meupe. Haji Desuki aliyachungulia mara mbili.

Ungedhani kijiwe kingejifunza. Kijiwe kilibadilisha upande tu.

— Nilisema mimi tangu mwanzo, akasema Daktari alasiri moja ya wiki ya nne. Nilisema sayansi iko wazi.

— Ulisema vyumba vinne na kifo!

— Nilisema vyumba vinne. Kifo kilikuwa mfano.

— Siri ni ua, akasema Haji, akimimina. Zambarau ni rangi ya kifalme. Nyati anakula, anajiona malkia, anaachia maziwa. Wanawake ndivyo walivyo, ukiwapa maua.

— Wewe ulimpa mkeo lini ua?

— Ndiyo maana sina maziwa.

— Hapana, hapana, hamjui kitu, akasema Redio, akisogeza kikombe ili apate uwanja. Mimi nimelichunguza. Gugu lile limenywa maji ya Nili yote, tangu juu huko. Kila nchi imeacha kitu chake ndani. Huku samli, kule asali, kule karanga. Nyati wa Gawad anakula biashara ya bara zima! Mwaka ujao maziwa yake yatatoka yameshatiwa sukari.

— Na chai ndani, nikasema mimi.

— Na chai, kama atalila karibu na mkahawa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tukatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, methali yake ilikuwa imekaribia kufaa. Hata yeye alishtuka.

— Gawad, akasema Daktari, sema wewe mwenye nyati.

— Mimi si mwenye nyati, akasema Gawad, na akaomba sukari ya nne.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa anakuja kwa njia ya mfereji, peke yake, kwa miguu, vumbi hadi magotini. Si wa kwetu. Mtu wa makamo, kanzu nyeusi, ncha ya mtandio ameiuma menoni kwa ajili ya upepo. Alifika kijiweni akasimama mbali kidogo, kama wanavyosimama watu wenye haya na shida.

— Amani iwe juu yenu, wazee wangu.

— Na juu yako amani. Karibu, mama. Kahawa?

— Mungu akuzidishie, Haji. Naitwa Basima, natoka ng'ambo, huko nyuma ya daraja la pili. Nimeambiwa hapa yuko mama anayelisha nyati waridi la Nili na nyati amepona.

— Umefika! akasema Redio, akisimama. Umefika chuoni kwenyewe. Uliza.

Akaachia ncha ya mtandio.

— Wangu amezaa juzi. Mbavu nazihesabu kwa mbali. Maziwa ya ndama yenyewe hayatoshi. Mume wangu keshamwita dalali, aje Jumanne.

Gawad aliinua kichwa.

— Mfereji wetu umejaa gugu kama wenu, akaendelea. Nimevuna jana, nimelirundika, naogopa kumpa. Nimesikia kuna nyati karibu afe. Basi niambieni tu: siku ya kwanza huyo mama alimpa kiasi gani?

— Kiasi, akasema Daktari, ni suala la kisayansi.

— Ndiyo, baba. Kiasi gani?

— Inategemea vyumba.

— Mzigo mmoja, akasema Redio. Mzigo mmoja wa punda.

— Mzigo mzima? Siku ya kwanza? akasema Haji. Kikapu!

— Kikapu cha mkate au cha nyanya?

— Kikapu... kikapu.

Basima akamgeukia Gawad, labda kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na matope ya mfereji kwenye kucha.

— Wewe je, baba?

— Mimi huwa ninavuna, akasema Gawad polepole. Namtupia ukingoni. Yeye analipeleka ndani. Nasikia panga linakata. Kisha gugu linapanda paa. Kisha... Wallahi, dada yangu, sijui.

Mama wa watu akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikajifanya ninanoa wembe.

— Na jambo hili mmelizungumza hapa kwa muda gani?

— Wiki ya nne hii! akajibu Redio kwa fahari, kabla hatujamwahi.

Basima hakucheka. Hakukasirika pia. Alijifunga mtandio upya, akaukaza chini ya kidevu.

— Haya. Mlango wake ni upi?

Hilo tulilijua. Mikono mitano ikanyooka kwa mpigo mmoja, hadi wa Haji wenye buli, kuelekea mlango wa bluu, hatua kumi na mbili kutoka benchi. Akaenda, akabisha. Tukamsikia Fikriya akiuliza ni nani, na mlango ukafunguka.